Jua Lililochomoza Upande wa Machweo

Saa mbili asubuhi, nyuma ya duka moja la vitambaa mjini Voi, Mwanamina Ayub anasukuma wino juu ya fremu ndogo ya mbao iliyowambwa hariri. Anapoiinua, chini kumebaki bahasha ya kaki ya kutilia tembe, yenye picha mbichi, haizidi kiganja cha mtoto. Anampa mama mkwe wake, Bi Faiza, aliyeketi mkekani.

"Hii kabeji?" auliza Bi Faiza.

"Ni jogoo, mama. Asubuhi."

"Basi mpunguzie manyoya, mwanangu."

Mwanamina, mwenye miaka thelathini na minne, huchapa bahasha mia tatu kwa siku kwa ajili ya zahanati moja ya mjini. Jioni mgongo humuuma hata kuinama kuvua viatu ni shida. Picha zake humwonyesha mgonjwa asiyejua kusoma wakati wa kumeza dawa. Anapenda madoido kupita kiasi, na wala hafichi. Mwaka jana, 1995, madoido hayo nusura yamtoe Bi Faiza nyumbani kwake.

Mwanamina ni mzaliwa wa Taveta. Huko jua huchomoza upande wa kilima cha Salaita. Basi alipoagizwa achore asubuhi, alichora kilima, na jua likichungulia juu yake, miale imejipinda kama hina ya bibi harusi. Ilipendeza, tena sana. Zahanati ikachukua bahasha elfu mbili.

Lakini mtu wa Voi akitazama milimani, huko ndiko jua linakotua. Bi Faiza, aliyezaliwa hapo hapo, akapewa dawa ya presha, ile ya kukojoza, katika bahasha hiyo. Akawa anaimeza magharibi. Usiku kucha ni safari za chooni, na mchana hajiwezi kwa uchovu.

Kifungua mimba wake, Kombo, akaja kutoka Mombasa, akakata shauri: mama amezeeka, anasahau saa za dawa, ahamie kwake.

"Nililia," asema Bi Faiza. "Mume wangu nimemzika hapa. Na sikusahau kitu mimi! Lakini ukishaambiwa wasahau, kila usemalo huonekana ni kusahau."

Nguo zilikwisha tiwa begini Mwanamina alipomwonyesha bahasha na kumuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria.

"Mama, hapa waona nini?"

"Si jua latua milimani?"

Mwanamina akaichukua bahasha. Kisha akamgeukia Kombo, mbele ya watu wote.

"Shemeji, mama hajasahau. Aliyekosea ni mimi."

Kombo aliigeuza geuza bahasha ile. Halafu akapiga magoti, akafungua begi, akaanza kutoa nguo za mama yake moja moja.

Siku hizi hakuna bahasha inayotoka kabla ya Bi Faiza kuisoma. Mwanamina anapanga kuzipeleka zahanati za Mwatate hadi Taveta, picha moja kwa watu wote. Mapambo hataki kuyaacha, maana mgonjwa naye anastahili kutabasamu. Ila yakae pembeni.

"Natamani kitu kimoja tu," asema, akijifuta wino vidoleni. "Asiwepo mzee mwingine wa kuambiwa amesahau, kumbe alisoma sawasawa."