Nyaya Nyekundu za Gari la Silinda Nane

Mjomba wangu aliitwa Sikio, kwa kuwa aliweza kutambua ugonjwa wa injini kabla gari halijavuka lango la gereji. Kwa miaka thelathini na moja alikula kwa sikio hilo. Mwaka huu lilianza kufifia, na msimamizi alikwisha kuligundua hilo.

Gari la spoti la silinda nane lilikuwa limerudi mara mbili. Mwenye gari alinunua nyaya za plagi za kupeleka umeme kwenye silinda, nyekundu, nene, za kutoka dukani, nasi tukaziweka badala ya zile nyeusi za kiwandani. Tangu siku hiyo injini ilikohoa kila ilipokanyagwa mafuta.

“Mwenye gari anafika saa nane,” msimamizi alisema, macho yake kwa Mjomba. “Nataka kasoro, na nataka aliyeisababisha. Huyo leo anaondoka. Wajukuu watafurahi, Mzee.”

“Wajukuu wangu wana kelele kuliko injini hii. Huko ndiko sikio litakufa kabisa.”

Msimamizi aliitazama saa yake, akaenda zake.

Nilipima nyaya zote kwa mita ya umeme, moja baada ya nyingine. Nyekundu zilipitisha umeme kwa urahisi zaidi kuliko nyeusi. Hakuna iliyokatika wala kuchubuka. Nikarudia mara tatu. Ilikuwa saa saba kasorobo.

“Kisu hakipimwi kikiwa kimetundikwa ukutani, mwanangu,” Mjomba akasema. “Mita yako inapima waya uliolala. Washa gari.”

Tulijifunika turubai juu ya injini ili tupate giza, maana waya unaovujisha umeme hutoa cheche. Hatukuona hata moja, na kikohozi kiliendelea. Ndipo Mjomba akachukua kijiti kikavu, akakipenyeza kati ya waya wa silinda ya tano na wa saba, zilizolala ubavu kwa ubavu. Kikohozi kikakoma. Akakitoa kijiti, kikohozi kikarudi.

Silinda hizo mbili huwaka kwa kufuatana. Nyaya zake zikibanana, umeme wa mmoja huamsha mwenzake kabla ya zamu yake. Kiwanda kilizitenga nyaya nyeusi kwa vishikizi vya plastiki. Nyekundu, kwa unene wake, hazikuingia humo, kwa hiyo vishikizi viliwekwa kando na nyaya zikafungwa fungu moja nadhifu kwa vifungio vya kubana, ncha za vifungio hivyo zimekatwa sawasawa.

Pale gereji ni mtu mmoja tu anayekata ncha za vifungio. Nilitazama mikono yangu.

“Nitasema nilizifunga mimi,” Mjomba akanena taratibu, huku akivikata vifungio. “Ataamini. Mimi jua langu linazama, wewe ndiyo kwanza kumekucha.”

“Mjomba, hapana.”

“Nyamaza, anakuja.”

Nyayo za msimamizi zilisimama kando ya turubai. “Haya, nani?”

Mjomba alifungua kinywa. Nikamtangulia.

“Mimi, bosi. Nilizifunga pamoja ili zipendeze. Sikio ndiye aliyegundua.”

Msimamizi aliinua kifungio kimoja kilichokatwa, akaitazama ncha yake iliyokatwa sawasawa.

“Mzee, malizia kazi. Wewe, binti, kusanya vifaa vyako.”

Niliifuta mita, nikaifungia sandukuni. Nilipofika langoni nikasikia nyuma yangu gari likikanyagwa mafuta, mara moja, kisha mara ya pili kwa nguvu zaidi. Halikukohoa.