Goti yangu imevimba, sasa rafiki yangu ndiye anabeba mchumba wangu

Admin, ficha jina yangu, huku Musinzira tunajuana. Mi kijana wa miaka 24, shule niliacha mapema, nabeba watu na velo, baiskeli yangu, hapa Gitega. Kuongea ni shida kwangu. Mi naangaliaka tu.

Niko na mchumba, Mwajuma, kwao ni Muyinga. Anashona nguo Mushasha. Kila asubuhi mi ndio nilikuwa namupeleka. Anakaa upande, anashika kiti, hanigusi. Nilimupenda juu ya hiyo heshima.

Goti ikavimba. Nikameza vidonge, maumivu ikapoa, nikafikiri nimepona, nikarudi kwenye milima. Ikavimba kuzidi. Kine, ule wa kufanyisha watu mazoezi hospitali, akaniambia: "Mdogo wangu, unajua ile kitu nyeupe ya kuteleza kwenye mfupa wa mbuzi? Na wewe uko nayo, ni gegedu. Sasa kinga ya mwili inafikiri kuko vita kwenye goti. Inatuma protini, ni kama mesaji. Seli za gegedu zikipata hiyo mesaji, zinaacha kujenga, zinaanza kubomoa nyumba yao. Ukizikandamiza na kupanda mulima juu yake, zinabomoa mbio zaidi. Lakini usilale tu. Tembea polepole, uzito kidogo unazituliza."

Basi, Kasimu rafiki yangu, na yeye wa velo, ndiye anamubeba. Mi niko mulangoni, nanyoosha mguu, naangalia. Siku hizi Kasimu anapaka mafuta mpaka shingoni. Ya kubeba watu? Juzi nikaona Mwajuma ameshika shati yake. Shati! Nikamuuliza, akacheka: "Yeye anakimbiza, naogopa kuanguka. We ulikuwa unaenda polepole." Roho inaniuma kushinda goti.

Jumamosi mi na Mwajuma tunaenda Muyinga, wazazi wake wanione, na Kasimu anatusindikiza. Pale bisi inaacha watu kuko mulima mrefu mpaka kwao, na mashangazi wanasimama nje kuangalia mwanaume gani analeta binti yao. Kasimu akasema mbele ya watu: "Tutaweka velo juu ya bisi. Mi nitamupandisha, we utakuja nyuma na fimbo yako, mzee!" Wote wakacheka. Mwajuma pia.

Nikimubeba mwenyewe, goti inaweza kuisha kabisa, na ndiyo inanilisha. Nikimuachia Kasimu, mashangazi watapigia yeye vigelegele. Kumuomba Mwajuma tupande kwa miguu sisi wawili, polepole vile kine alisema, mdomo unakataa. Akisema nitamuchelewesha?

Ndugu zangu, musinicheke. Munipe maneno ya kumuambia kabla ya Jumamosi, nifanye nini mi?