Mama Alipoacha Kusuka

Mama alikuwa msusi. Pale Tura, kwenye stesheni ya reli, siku zisizo na treni ya kuuzia abiria vyakula, wanawake walikuja kwetu, wakakaa mkekani na kumwegemezea vichwa mapajani, wakaondoka jioni na mistari myembamba iliyonyooka. Mimi nilisukwa Jumamosi, ili Jumapili nikaimbe kanisani nikiwa nadhifu.

Nilipokuwa darasa la sita akaacha. Aliniambia nimekuwa mkubwa, nikasukwe kwa jirani, wala hakueleza zaidi. Nilidhani amenichoka. Nilimnunia muda mrefu, kimyakimya, bila kumuuliza chochote. Asubuhi nilimwona akiloweka mikono kwenye maji ya moto kabla hajashika sufuria, nikafikiri ananawa tu. Maumivu yake yalipojulikana, wengine walisema ni baridi ya Juni, wengine jembe la tumbaku. Zahanati walimpa vidonge vya maumivu. Shangazi akaleta mafuta ya nyonyo ya kuchulia. Vidole vikazidi kupinda, vyote vikielekea upande mmoja, nasi tukasema ni uzee. Hata miaka arobaini alikuwa hajafika.

Nilikuja kuelewa ugonjwa uliponipata mimi mwenyewe. Nina duka la vitambaa mjini, Kanyenye. Mwaka juzi nilianza kuamka vidole vimekaza, siwezi kufunga vifungo vya blauzi mpaka jua lipande. Mume wangu ndiye aliyekuwa akinifungia, na ndiye aliyesema huu si uchovu, twende hospitali. Nikapimwa damu. Daktari, binti ambaye ningeweza kumzaa, akaniambia ni baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo. Dawa zipo, akasema, ila nisizikatishe, na niwe nanyoosha vidole kila siku hata vikiuma. Halafu akauliza kama nyumbani kuna mwingine mwenye shida hiyo.

Nilikuwa naiona mikono ya mama.

Nikapanda treni kwenda Tura kumchukua. Daktari alimwamkia, akaishika mikono yake taratibu, akaeleza kwamba uvimbe na maumivu vitapungua, lakini vidole vilivyokwisha kupinda havitanyooka tena. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akamuuliza, "dawa hii imeanza lini?"

Daktari alinitazama mimi kabla ya kujibu. "Ya siku nyingi, mama. Mimi sijazaliwa, ilikuwepo."

Mama akashukuru. Tulipokaa kwenye benchi kusubiri dirisha la dawa, akasema, "Kumbe ningekuja tu."

Angekujaje, wakati sote tuliokuwa naye tulimwona kila asubuhi na hakuna aliyemwambia aje?

Sasa anaishi nasi. Usiku analala bila kuguna, na kikombe cha chai anakishika mwenyewe kwa viganja viwili. Vidole vyangu vimebaki vimenyooka. Wateja hawajui kama ninaumwa. Mchana mama hupenda kukaa dukani, na ninapokata kitambaa huikazia macho mikono yangu, bila uchungu wowote usoni, kama mtu anayefurahia kazi nzuri. Mimi ndiye nisiyeweza kuvumilia kutazamwa hivyo. Hugeukia rafu, nikapanga upya majora ambayo tayari yamepangwa.