Ukaguzi wa Saa ya Chai

Jumanne nilitoka Riruta kwa baiskeli kumpelekea shemeji yangu blanketi katika hospitali moja ya mjini. Ilibidi kwanza lipitie stoo litiwe alama, na pale dirishani nikamkuta muuguzi wa wodi ya kifua kikuu akiomba vitambaa vipya vya kufunika pua na mdomo.

"Sheria ni ile ile, Sista," karani alimwambia, huku akichovya mkate kwenye chai. "Lete vya zamani kwanza, nivikague kama kweli vimechakaa."

Muuguzi hakubishana. Aliinua mfuko, akauweka taratibu kando ya kikombe, akaanza kufungua kamba.

"Nimevileta. Wagonjwa wamevikoholea tangu wiki jana. Kagua tu, bwana karani, mimi nasubiri."

Karani alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa rafu. "Funga," akasema kwa sauti ndogo. Akatoa bunda zima la vitambaa vipya, akalisukuma kwa rula.

Muuguzi alishukuru, akaenda zake. Chai ilibaki pale pale, haina mwenyewe.

Nilirudi nyumbani nimefurahi, na nina ombi moja kwa wakubwa wanaotunga sheria kama hizo: kila mmoja apelekewe mfuko wake, saa ya chai.