Kodi Imekata Mkia Tu

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyoitupa karatasi ya mshahara sakafuni, kwenye maji ya samaki. Ilikuwa miaka ya tisini, nami kijana wa Ndhiwa, napasua samaki aina ya mbuta katika kiwanda kimoja Homa Bay. Nililipwa kwa saa. Mwezi huo nilikuwa nimefanya ovataimu mpaka mgongo ukaniuma, nikitaka kumwezekea mama mabati, maana mvua ilikuwa inamnyeshea kitandani. Sasa naona mstari ambao sijawahi kuuona: kodi!

"Ovataimu basi!" nikafoka. "Imeamsha kodi, sasa itakula mshahara wote!"

Wenzangu wawili nao wakavua aproni, wakaikataa ovataimu. Kumbe sote hatujui lolote.

Msimamizi wetu, Mama Dorka wa kutoka Sori, alijua kisu kutushinda sote. Hakunigombeza. Kengele ya kutoka ilipolia aliniita mezani, akalaza mbuta mzima.

"Wuod Ndhiwa, mwana wa Ndhiwa wewe, kuanzia kichwa mpaka hapa ni mshahara wako wa saa za kawaida. Huu mkia ndio ovataimu. Haya, soma karatasi yako. Kodi imekata wapi?"

Nikaiokota sakafuni, nikasoma, nikajikuna kichwa. "Kwa mkia, Mama."

"Mkia wote?"

"Kipande tu."

"Na huku kwingine?"

"Hakujaguswa."

"Sasa unatupa mkia mzima kwa sababu ya kipande? Aa, nyathina, mwanangu! Mama yako aendelee kulala na sufuria ya kukinga maji kwa sababu ya hasira zako?"

Niliona aibu, we! Nikamuuliza yeye ovataimu yake hukatwa kiasi gani. Akacheka. "Mimi nalipwa kwa mwezi, na mkataba wangu hauna ovataimu. Nikibaki, nikienda, mshahara ni uleule."

Nikatazama saa ya ukutani. Alikuwa amekaa nami karibu saa nzima. Mpaka leo namheshimu sana mama yule.

Kesho yake nilirudi kwenye ovataimu, na mama akapata mabati yake.

Kwa hivyo, mwanangu, ukiandikwa kazi uliza mapema: nalipwa kwa saa au kwa mwezi, na saa za ziada zinahesabiwaje? Ukiona kodi, soma kwanza imekata wapi, ndipo ukasirike. Na mtu akikufundisha kwa saa ambayo yeye halipwi, mshukuru hapohapo. Mimi nilikunja karatasi yangu nikaenda zangu bila hata kusema asante, na jambo hilo linaniuma bado.

Mungu akupe kazi ya halali na msimamizi kama Mama Dorka, na mama yako alale pakavu.