Sabuni Zilizompiga Meneja

Sabuni iliruka ikampiga meneja shavuni. Nilikuwepo, wala sikucheka. Nilicheka baadaye, chooni.

Siku hiyo fundi alikuwa amefunga mota mpya kwenye mkanda unaopeleka sabuni hadi kwenye maboksi. Mkanda ukakimbia. Kufika konani, sabuni zikasongamana, zikapandana, zikaanza kuruka kama vyura.

Maboksi yakapungua badala ya kuongezeka.

Meneja akajifuta shavu. "Mwisho wa mwezi tusipofikisha maboksi mia nne kwa siku, zamu hii naifunga."

Zamu yenyewe ni yetu, mimi na mama mdogo aliyeniingiza kazini.

Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye stuli pale konani, nanyoosha kwa mkono sabuni zilizokaa upande. Shule yangu ni ya msingi tu, ila macho hayaombwi cheti.

"Kaka," nikamwambia fundi, "punguza mwendo. Halafu badilisha kitu kimoja kimoja, tuone."

"Wewe binti umekuwa injinia lini?"

"Tangu sabuni ilipompiga meneja."

Akacheka, akapunguza.

Wiki ya kwanza akabadilisha magurudumu yaliyolika. Maboksi mia tatu. Ya pili, kisu butu cha kukatia. Mia tatu na arobaini.

Ya tatu akaongeza mwendo kidogo. Tukagota palepale.

Fundi akakuna kichwa. Mimi nilishajua. Tatizo lilikuwa mkono wangu. Mkanda mzima ulikuwa unaningoja mimi.

Nikamwambia mama mdogo.

"Nyamaza, mwanangu. Nani anakata tawi alilokalia?"

"Nisipolikata, mama, mti wote unang'olewa."

Nikamwonyesha fundi. Akafunga bati lililopinda pale konani, sabuni zikajinyoosha kama wanafunzi waliomwona mwalimu.

Mia nne na kumi. Stuli yangu ikaondolewa.

Kesho yake meneja akaja mkandani na kikombe cha chai. Nikavua aproni, nikaikunja kabisa.

"Vaa," akasema. "Kuanzia leo unazunguka na fundi, unamwonyesha pa kurekebisha. Tunaanzia wapi?"

Nikatazama mlangoni. Maboksi yamerundikana, hayatoki bila sahihi ya meneja, naye husaini akishamaliza chai.

Mama mdogo akanikanyaga mguu.

"Kwako, bosi," nikasema.

Fundi akajifanya anakaza nati.

Meneja akaweka kikombe chini. "Nani ana kalamu?"

Ndugu zangu, ukitafuta kinachochelewesha kazi, anza na mkono wako. Ukishauondoa huo, wa bosi utautaja bila kutetemeka.

Mimi nilitetemeka, lakini kidogo.