Farasi wa Nane wa Lehmisuo

Jumanne ile Hilkka Ruotanen alifika kwa Urpo Vänskä saa tatu na nusu asubuhi, roho juu. Mbio za Jumapili, zile za farasi wanaokokota vigari vya magurudumu mawili, zilikuwa na farasi saba tu, wake akiwemo. Wasipotimia wanane kabla ya saa nne asubuhi hiyo, zinafutwa. Na chama cha mbio kilishasema wazi: zikifutwa tena, uwanja wa Lehmisuo basi, mwaka ujao hakuna mbio. Hilkka alikuwa amefyeka nyasi za uwanja ule na kuchoma soseji zake miaka thelathini, bure bilashi. Wenye farasi wazuri walikuwa wamekimbilia mjini kwenye zawadi nono. Alibaki Urpo, mshindani wake tangu ujana, na farasi wake jike mweusi.

Akaharibu mlangoni pale pale.

"Urpo, mwandikishe jike lako, tumebaki..."

"Umelelewa wapi wewe? Unaingia kwa watu unamwaga shida hata kikombe cha kahawa hujashika! Kaa."

Hilkka akakaa, amejaa haya. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwasengenya watu wa mjini kwa kosa hilo hilo. Mzee Urpo akapima kahawa kijiko kwa kijiko. Wakaongea mvua. Wakaongea majani makavu, kisha nyonga ya Urpo, nyonga isiyo na mwisho. Saa ya ukutani haikuwa na huruma.

"Kikombe cha pili? Na mkate wa iliki, au meno yamekwisha?"

"Urpo, nakuomba..."

"Haraka haina baraka. Kula."

Akala bila kuhisi utamu. Ilipobaki dakika tano kufika saa nne, Urpo akapangusa mdomo.

"Haya, ulikuwa na neno?"

"Unalijua! Tuko saba!"

"Wanane. Nimemwandikisha saa mbili asubuhi."

Hilkka akatua kikombe kwa kishindo.

"Mshenzi wewe! Umeniacha naungua moyo nusu saa nzima?"

"Si ulikuja bila adabu? Na mwaka jana ulinipita kwa pua ya farasi tu, ukacheka mpaka kijiji cha pili wakasikia."

"Sasa kwa nini umemwandikisha?"

Urpo alitazama dirishani kidogo. "Mjini nani ananijua? Uwanja ukifa, nitamshinda nani?"

Machozi yakamtoka Hilkka, ya furaha tupu, akayafuta kwa mkono wa sweta.

"Mimi hutanishinda," akasema. "Lakini njoo."